Sauti Mahali pa Mkono

Miongoni mwa mambo ambayo mtu mzima wa viungo huyatenda mchana kutwa bila ya kuyafikiri, kuzima taa ni dogo kabisa, na kwa udogo wake huo huonyesha dhahiri tofauti iliyopo baina ya mwenye uwezo na aliyepungukiwa nao: wa kwanza huinua mkono, na jambo likaisha, wa pili, ambaye mikono yake haimtii tena, hana budi amwite mtu, amngoje, amshukuru, na usiku ukiwa mkubwa humwonea haya yule aliyemtumikia tangu alfajiri, akavumilia kulala na mwanga usoni mpaka kukacha. Nuru na giza ni mambo mepesi katika habari hii. Kitu kizito kinachopotea ni hiari, yaani ile haki ya mja kuamua jambo na kulitimiza bila ya kuomba idhini wala auni ya mwingine.

Vifaa vinavyotii sauti vimebuniwa ili kurudisha sehemu ya hiari hiyo. Mtu hutamka neno, na taa ikawaka, simu ikapigwa, barua ikaandikwa, mlango ukafunguka, na pengine kitimwendo kikajongea. Wauzaji wake huvisifu kwa wingi wa maneno vinavyoyafahamu na kwa wepesi wake wa kujibu, na sifa hizo si za uongo. Walakini anayevitazama kutoka kitandani, akiwa hana mkono wa kusahihisha kosa, atavipima kwa mizani nyingine. Maadamu hakuna sikio lisilokosea, liwe la mtu au la mashine, ubora wa kifaa cha namna hii hukaa hasa katika mwenendo wake pale kinapokuwa hakikusikia sawasawa, na kazi ya mbunifu, ikitazamwa kwa makini, aghalabu ni kazi ya kuyapangia makosa mahali pasipodhuru.

Pumzi ilitangulia neno

Historia ya vifaa hivi haikuanza kwa sauti, ilianza kwa pumzi. Katika hospitali ya Stoke Mandeville, iliyoko Buckinghamshire, Uingereza, ambako tangu 1944 daktari Ludwig Guttmann alikuwa akiwauguza waliovunjika uti wa mgongo, mtu aitwaye Reg Maling alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1960 chombo kilichopewa jina la POSSUM, ambacho mgonjwa aliyepooza kuanzia shingo kwenda chini alikiendesha kwa kuvuta na kupuliza pumzi katika mrija mdogo uliowekwa kinywani pake, na kwa pumzi hiyo akaweza kupiga kengele, kuwasha taa na hata kuandika kwa mashine ya taipu. Chombo kile kilikwenda polepole, lakini kilikuwa na fadhila moja ambayo warithi wake wengi hawanayo: pumzi ilivutwa au haikuvutwa, wala hapakuwa na shaka katikati.

Wakati huo wahandisi wa Marekani walikuwa tayari wakiifundisha mashine kusikia. Mwaka 1952 maabara za Bell zilitengeneza chombo kilichoitwa Audrey, kilichotambua tarakimu peke yake, tena kwa sharti msemaji atue baina ya tarakimu na tarakimu, na chombo kiwe kimelinganishwa na sauti yake. Mwaka 1962, katika maonyesho ya dunia ya Seattle, kampuni ya IBM ilionyesha mashine iliyofahamu maneno 16. Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilikuwa na mfumo uitwao Harpy, wenye maneno 1,011. Safari ilikuwa ndefu hata mwaka 1990, ambapo kampuni ya Dragon Systems, iliyoasisiwa na James Baker na mkewe Janet Baker, iliuza programu ya kuandika kwa sauti kwa bei ya dola 9,000, na mnunuzi kwa fedha hizo zote bado alilazimika kutua kila baada ya neno moja. Mtu mwenye mikono miwili angeona hiyo ni adhabu; aliyekuwa akibonyeza herufi mojamoja kwa kijiti kilichoshikwa kwa meno aliiona kuwa ni rehema. Mwaka 1997 kampuni ileile ikatoa programu iliyoweza kufuata maneno yanayotamkwa mfululizo. Mwaka 2011 ikaja Siri katika simu za Apple, na mwaka 2014 kipaza sauti cha Amazon kilichowekwa mezani na kuitwa kwa jina la Alexa. Na mwaka 2019 Apple ikatia katika simu zake uwezo wa kuziendesha zote kwa ulimi, tangu kufungua hadi kufunga, bila ya kuzigusa.

Jinsi mashine inavyokisia

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, na umeme hupimwa, aghalabu mara 16,000 kwa kila sekunde, hata maneno yakawa safu ndefu ya tarakimu. Safu hiyo hukatwa vipande vifupi mno, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban sehemu 25 za elfu ya sekunde, na katika kila kipande hutazamwa ni kiasi gani cha sauti nene na kiasi gani cha sauti nyembamba kilichomo. Hapo ndipo huingia ile elimu iitwayo siku hizi akili mnemba: programu iliyokwisha kulishwa saa nyingi za usemi wa watu, pamoja na maandishi ya walichokisema, hulinganisha kipande na kipande na kukisia silabi, kisha hupima ni neno lipi linaloelekea zaidi kufuatana na jingine. Programu ya Whisper, iliyotolewa mwaka 2022 na kampuni ya OpenAI, na ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, ilifunzwa kwa saa 680,000 za usemi. Hata hivyo, kwa wingi wote huo, kazi ya mashine hubaki kuwa ni kukisia, na pamoja na kisio lake huweza kutoa kadirio la yakini yake. Na kadirio hilo, ambalo mnunuzi halioni, ndilo kiungo chenye thamani kubwa kuliko vyote mikononi mwa mbunifu.

Mbele ya hayo yote limekaa jina la kuitia. Ndani ya kifaa mna programu ndogo isiyolala, ambayo hukaa kama mgeni barazani asiyefahamu mazungumzo ya wenyeji wake, akingoja jina lake tu litajwe. Likitajwa, huamsha sikio kubwa zaidi. Programu hiyo ina dhambi mbili, kuamka bila ya kuitwa na kutoamka inapoitwa, na mhandisi akiipunguza ya kwanza huizidisha ya pili. Kwa mwenye mikono, kutoamka ni kero ya kupita, kwani atabonyeza kitufe. Kwa asiye na mikono ni ukuta. Basi kifaa kitakachomtumikia huyu wa pili hupaswa kuegemezwa upande wa kuamka upesi, hata kama mara mojamoja kitaitika kwa sababu ya redio, na jina lake lazima liwe na silabi tatu au nne, lisiwe jina la mtu wa nyumba ile wala neno la kila siku, kwa kuwa kifaa kitakachoitwa kwa neno kama “sawa” kitakuwa macho usiku na mchana.

Koo la mtumiaji

Kosa kubwa la wabunifu wa mwanzo, na la baadhi ya wa leo, ni kudhani kwamba aliyepoteza viungo amebakiwa na sauti kamili. Mwili haukugawanywa hivyo. Neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka katika uti wa mgongo shingoni, kwenye pingili ya 3, ya 4 na ya 5. Basi aliyeumia mahali hapo, pamoja na kupoteza mikono, hupungukiwa na pumzi, na ingawa ulimi wake ni mzima na akili yake timamu, husema kwa vifungu vifupi na kutua kati ili avute hewa. Kifaa cha kawaida hudhani kwamba kila kimya kidogo ni mwisho wa usemi, kikafunga sikio sentensi ikiwa nusu. Anayepumua kwa msaada wa mashine ana taabu zaidi, kwani sauti yake huja na kukatika kwa kufuata zamu za mashine, nayo mashine ina mvumo wake unaoingia katika maikrofoni. Dawa ya taabu hii ni nyepesi kwa mwenye kuifikiri, yaani kumwachia mtumiaji mwenyewe apange kimya chake kiwe cha urefu gani. Na bado ilikuwa mpaka mwaka 2022 ndipo Apple ilipowapa watumiaji wa Siri hiari ya kurefusha muda huo wa kungojwa.

Wengine maradhi yao yameugusa ulimi wenyewe. Mtindio wa ubongo, kiharusi, ugonjwa wa Parkinson, na ule ugonjwa wa neva uitwao ALS unaoidhoofisha misuli kidogo kidogo, vyote huweza kuyafanya matamshi yawe mazito, ya kuburura, au ya kupanda na kushuka bila ya mpango. Chuo Kikuu cha Illinois kilitoa mwaka 2008 mkusanyo wa sauti za watu wenye mtindio wa ubongo, na wasikilizaji wasiowajua walipopewa sauti hizo, kuna wasemaji waliofahamika katika asilimia 95 ya maneno yao na wengine katika asilimia 2 tu. Mashine iliyofunzwa kwa sauti za watu wazima wa ulimi haiwezi kuwafahamu hawa wa mwisho. Lakini mama mzazi, au mwuguzi aliyekaa naye miezi, humfahamu, na hilo ni ushahidi kwamba maana imo ndani ya sauti, ila sikio halijazoezwa.

Kulizoeza sikio hilo ndiko kulikokuwa kazi ya mradi wa Euphonia uliotangazwa na Google mwaka 2019. Mmoja wa watafiti wake, Dimitri Kanevsky, ambaye hakuwa na ulemavu wa viungo bali uziwi wa tangu utotoni ulioyapa matamshi yake sura yake ya pekee, alijirekodi akisoma zaidi ya sentensi 15,000 ili mashine imwelewe. Ni wazi kwamba mtu anayechoka kwa sentensi kumi hawezi kutakiwa sadaka ya namna hiyo, na kwa hiyo programu iliyofuata mwaka 2021, iliyoitwa Relate, ilihitaji sentensi 500. Mwaka 2022 kampuni tano, Amazon, Apple, Google, Meta na Microsoft, ambazo katika biashara hazipatani, zilikubali kuungana na Chuo Kikuu cha Illinois kukusanya sauti za watu wa aina hii kwa manufaa ya wote.

Jambo moja hupuuzwa mara nyingi katika kurekodi huku, nalo ni saa yenyewe. Sauti ya mgonjwa wa asubuhi, aliyelala akaamka, siyo sauti yake ya magharibi baada ya mazoezi, wageni na homa. Na ikiwa ugonjwa wake ni wa kuzidi, sauti ya Januari siyo ya Desemba. Mbunifu mwenye hadhari hurekodi uchovu pia, na huweka njia ya kukifundisha kifaa upya bila ya kumwita fundi.

Bei ya kosa

Tumtazame sasa mtu aliyeumia shingo, akaaye Dar es Salaam, katika mwezi wa Februari. Mwili wake chini ya jeraha hautoi jasho kama ilivyo kawaida, kwa hiyo joto linalowaudhi wengine humtia yeye hatarini, na feni iliyo juu yake ni sehemu ya matibabu. Kila baada ya takriban saa mbili hugeuzwa ubavu ili ngozi isichubuke na kufanya vidonda. Anapogeuzwa, kinywa chake kinageuka na kuipa kisogo maikrofoni iliyowekwa upande mmoja wa kitanda, na kifaa kilichomsikia vema saa nne hakimsikii saa sita. Katika mpira wake wa mkojo, ukijikunja na kuziba, mna hatari iliyo kubwa kuliko joto, kwani kwa aliyeumia juu namna hii kibofu kilichojaa huweza kupandisha shinikizo la damu ghafla, kichwa kikamuuma kwa kishindo, na hapo dakika zina thamani. Mbunifu aliyekaa chumbani humo siku moja ataondoka na mambo matatu ambayo hakuyafikiri mezani kwake: maikrofoni ziwe mbili au iwe moja kichwani pa kitanda, amri ya kuita msaada ikubaliwe hata ikitamkwa kwa sauti iliyokauka, na amri hiyo isihitaji kukaririwa wala kuthibitishwa, kwa sababu hasara ya kumwita mtu bure ni ndogo mno mbele ya hasara ya kutomwita.

Kutokana na mfano huu hutoka kanuni nzima. Kila amri ina bei ya kosa lake, na yakini inayodaiwa kwa mashine hupaswa kulingana na bei hiyo. Taa iwashwe hata kwa kisio la wastani, kwa kuwa ikiwa si hiyo itazimwa tena. Mlango wa nje usifunguliwe ila kwa yakini kubwa, na baada ya kuuliza, na ikiwezekana baada ya kuitambua sauti ya mwenye nyumba, maana dirishani hupita watu. Baina ya kutenda na kunyamaza pawe na daraja ya kuuliza, na swali liwe fupi, lenye kujibiwa kwa neno moja. Kwani anayeishiwa pumzi haihitaji mashine yenye adabu ndefu. Na sikuzote ajue kama amesikiwa, kwa mlio mdogo au kwa nukta ya mwanga, asije akakariri amri ambayo tayari inatekelezwa, akazima alichokuwa amekiwasha.

Kitimwendo ndicho kinachoonyesha mpaka wa sauti. Kikienda kilomita 6 kwa saa, hukata zaidi ya mita moja na nusu kwa kila sekunde. Na mtu akitumia nusu ya sekunde kutamka “simama”, na mashine nusu nyingine kuamua, atakuwa amekwisha kupita ukingo wa mtaro au ngazi aliyoikusudia kuikwepa. Zaidi ya hayo, mtu aliyeshtuka hasemi kwa sauti ileile aliyomfundishia mwanafunzi wake wa chuma. Hupiga ukelele, na mashine iliyozoea utulivu wake haimtambui. Kwa hiyo kiti cha namna hii hupaswa kwenda polepole, kiwe na vihisio vinavyoona ukuta na shimo vyenyewe, kisimame kwa sauti yoyote kubwa bila ya kuuliza ni neno gani, na juu ya yote kiwe na swichi ya pili isiyotegemea ulimi, ya kidevu, ya shavu au ile ya pumzi ya Stoke Mandeville, ambayo baada ya miaka zaidi ya sitini bado haijapitwa na wakati.

Kiswahili masikioni mwa mashine

Mwaka 2017 Google iliitia lugha yetu katika orodha ya lugha zinazoweza kuandikwa kwa sauti, na tangu 2021 Kiswahili kimo katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambapo watu wa kawaida hujitolea kusoma sentensi na wengine huzisikiliza na kuzihakiki. Jirani yetu Kinyarwanda kilitangulia kwa bidii ya kusifiwa, kikakusanya katika mradi huo zaidi ya saa 2,000. Akiba hizo zilikusanywa kwa ajili ya umma wote, na hiyo ni neema. Ila mwenye ulimi mzito wa Kiswahili bado hana budi kukusanyiwa sauti zake mahususi, na kazi hiyo haitafanywa na mtu asiyeijua lugha.

Tena lugha ina mitego yake, ambayo haionekani katika vitabu vya kigeni vinavyofundisha ubunifu huu. Katika Kiswahili, amri ya kufungua na amri ya kufunga, ambazo ni kinyume kabisa kwa maana, zimeachana kwa irabu moja tu katikati na kwa mahali pa mkazo. Ulimi uliolegea ukiimeza irabu hiyo, “fungua” huwa “funga”, na mtu akabaki nje ya mlango wake. “Washa” na “wacha” zimetenganishwa na konsonanti moja, ilhali ya kwanza huanzisha na ya pili husitisha. Tarakimu nazo, ambazo kwa mashine nyingi ndizo nguzo, kwetu ni jozi za kutatanisha: nne na nane, tatu na tano, sita na tisa. Kwa hiyo ni aula kuchagua maneno yaliyo mbali mbali kwa sauti: mlango uwe “wazi” au “komea”, taa iwe “washa” au “zima”, na kiti kisimame kwa “simama” wala si kwa “wacha”.

Faida ya uchaguzi huu huonekana zaidi katika simu. Anayeiendesha simu kwa ulimi, katika lugha ambazo programu hizi zinazifahamu, huagiza kila kitufe kilichopo kwenye kioo kivishwe tarakimu yake. Akitaka kitufe cha saba hutamka saba, nacho kikabonyezwa. Ikiwa anachokitaka hakina kitufe, mathalani mahali fulani katika ramani, huagiza kioo kigawanywe miraba, akachagua mmoja, nao ukagawanywa tena kuwa midogo zaidi, hata akaifikia nukta ileile ambayo kidole kingeifikia. Ni njia yenye busara, kwa kuwa haimlazimishi mtu kukumbuka majina ya vitufe. Lakini atakayeileta kwa Kiswahili na atie mahali pa tarakimu majina yasiyofanana, embe, kikapu, simba, bahari, ili kosa lipungue kabla halijatokea.

Na mashine ikubali jinsi watu waombavyo kwa kweli. Mtu atasema “washa taa”, na mwingine “niwashie taa”, na wa tatu, kwa adabu aliyolelewa nayo, “hebu naomba taa iwashwe”. Kitenzi chetu hubeba mtendaji, mtendewa na wakati ndani ya neno moja, na kwa hiyo orodha ya maneno mazima haitoshi, sharti mashine ifunzwe vipande vya neno. Mombasa mtu wa Kimvita husema “ndoo” akimaanisha njoo, Nairobi lugha mbili hukaa katika sentensi moja, na Lubumbashi Kiswahili kina lafudhi yake. Ni jukumu la kifaa kumwendea msemaji. Asiyeweza kuinua mkono asitwishwe pia mzigo wa kubadilisha lafudhi.

Siri, umeme na bei

Sauti husikiwa na wote waliopo, na hili ni tatizo ambalo mkono haukuwa nalo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mfuko wa fedha wa watu wengi wa Afrika Mashariki ni simu, na ufunguo wake ni namba ya siri. Asiye na mikono huifanyaje? Aghalabu humwambia ndugu, na kuanzia hapo fedha zake ni zake kwa jina tu. Akiitamka mwenyewe, imesikiwa na chumba kizima. Njia ya kutoka ipo, nayo si ngumu: kila tarakimu katika kioo iandikiwe pembeni jina la kitu, majina hayo yabadilike kila mara, na mtumiaji atamke majina badala ya tarakimu, hata asikiaye bila ya kukiona kioo asipate kitu cha kuiba. Faragha ya ugonjwa ina haki hiyohiyo. Usemi unaopelekwa kwa intaneti katika kompyuta za mbali hupita mikononi mwa watu ambao mgonjwa hawajui, na kifaa kinachosikia na kuamua humohumo chumbani ni bora kwa siri, tena ni bora siku mtandao unapokatika.

Umeme nao hukatika. Kifaa ambacho mtu amekitegemea kwa feni na kwa kuita msaada hakistahili kufa pamoja na taa za mtaa; sharti kiwe na betri, na kwanza kabisa betri hiyo itumikie simu ya dharura. Jambo hili liko ndani ya uwezo wa mafundi wetu, kwa kuwa kompyuta ndogo za namna ya Raspberry Pi, ambayo ilipotolewa Uingereza mwaka 2012 iliuzwa kwa dola 35, zaweza kuendeshwa kwa betri na kuamrisha swichi za taa na feni. Ila waya za umeme wa nyumbani na ziachiwe fundi wa umeme mwenye leseni.

Uhitaji ni mkubwa. Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF ilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani huhitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, kuanzia miwani hadi kitimwendo, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata vifaa wanavyovihitaji ni asilimia 3 tu. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009, na mkataba huo huzitaka serikali kukuza ubunifu wa vifaa vya namna hii na kuvifikisha kwa bei ambayo watu wanaimudu. Mahali pa kuanzia hapakosekani: Moshi pana chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vitimwendo, na Kenya pana chama cha APDK, kilichoasisiwa mwaka 1958, ambacho kina karakana zake. Ujuzi wa mbao, chuma na ngozi umo humo tayari. Kilichobaki ni kuuoza na ujuzi wa vijana wa kompyuta, na kuwaketisha wote wawili mbele ya mtu atakayekitumia kifaa, yeye akiwa ndiye mwenye neno la mwisho.

Na anayetaka kumnunulia nduguye kifaa kama hiki, au hospitali inayotaka kuvinunua vingi, na wasianze kwa kumwuliza mwuzaji kinafahamu maneno mangapi. Wamtake akijaribu mbele yao na mtumiaji mwenyewe, jioni, amechoka, feni ikivuma na redio ya jirani ikisema. Kisha watazame kinatenda nini mara ya kwanza kinapokosa kusikia, na kama mgonjwa anayo njia nyingine ya kujitosheleza bila ya kumwita mtu. Kikiuliza kwa ufupi, kikasubiri, na kikamwachia njia hiyo, basi kinafaa kununuliwa, hata kama maneno kinayoyafahamu hayazidi ishirini.